Simu Iliyonyooshwa kwa Jiliwa

Kila Jumamosi, kabla chai haijachemka, Chiriku alikuwa ameshashika ufagio. Kazi yake ilikuwa kufagia maranda katika karakana ya baba yake. Karakana yenyewe ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba, kile ambacho watu wengine hukifanya sebule. Baba alikuwa seremala, na wageni wa nyumba ile walikalia vitanda ambavyo havijakamilika na stuli za wateja. Hakuna aliyewahi kulalamika, isipokuwa mjomba, siku ile alipokalia gundi mbichi.

Chiriku hakupewa jina hilo na wazazi wake. Alipewa na darasa zima, kwa sababu ya mdomo. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili na maneno ya mtu wa miaka sitini. Alizungumza akifagia, akila na hata akipiga mswaki, jambo ambalo si rahisi na si safi.

Mama yake alikuwa mkunga katika kituo cha afya. Karibu kila mjamzito wa mitaa ile alikuwa na nambari yake, kwa hiyo simu ya mama haikuwa ya mama peke yake. Mjomba, ambaye ni mdogo wake mama, alipoona simu ya zamani imefungwa kwa mpira ili mfuniko usidondoke, alimletea mpya. Ilikuwa nyembamba, yenye mgongo wa chuma wa rangi ya fedha, na ukiishika asubuhi ilikuwa baridi mkononi.

"Chuma hicho, dada," mjomba alisema huku akiigonga kwa ukucha. "Hiyo itakuzika wewe."

Mama alimwambia ashike adabu yake, lakini alicheka. Neno lile la chuma lilimwingia Chiriku. Alilibeba mpaka shuleni, akalitia chumvi kila alipolisimulia, na kufikia Ijumaa darasa zima lilikuwa linajua kwamba simu ya mama yake ikikanyagwa na lori itaendelea kuita.

Jumamosi hiyo, alipomaliza kufagia, alimfuata mama uani, akamkuta amezamisha mikono kwenye beseni la nguo.

"Mama, naomba simu nikapige picha daftari la Kishungi. Siku ile niliyoumwa jino nilikosa somo zima la sayansi."

Kishungi alikuwa rafiki yake wa dawati moja, na kwao palikuwa nyumba ya tatu kutoka pale.

"Ichukue pale dirishani," mama alisema. "Ishike mkononi, usiweke mahali. Piga picha, rudi. Wifi yangu siku zake zimefika, anaweza kupiga wakati wowote."

Wifi aliyemsema ni shangazi yake Chiriku, dada wa baba. Alikuwa anasubiri mtoto wake wa kwanza, na mumewe alikuwa safarini kikazi, hivyo alikaa peke yake ng'ambo ya soko. Kila mtu nyumbani alikuwa na roho juu kuhusu shangazi, ila shangazi mwenyewe.

Picha zilipigwa kwa dakika tano. Kama Chiriku angegeuka hapo hapo akarudi nyumbani, hadithi hii ingeishia kwenye somo la sayansi. Lakini Kishungi alisema wenzao walikuwa uwanjani wanacheza mpira wa pete na shule ya jirani, na kwamba dakika mbili tatu haziwezi kumuumiza mtu.

Uwanjani Chiriku alitaka kupiga makofi, na huwezi kupiga makofi ukiwa umeshika simu. Akaitumbukiza kwenye mfuko wa nyuma wa suruali yake ya jinzi, ile iliyokuwa imeanza kumbana, akakaa kwenye ngazi ya saruji pembeni mwa uwanja. Timu yao ilifunga mara tisa. Chiriku aliruka mara tisa na kukaa mara tisa, kwa uzito wake wote.

Aliporudi nyumbani, karakana ilikuwa kimya. Baba alikuwa ametoka kupeleka kitanda kwa mteja. Chiriku aliitoa simu, akailaza juu ya meza ya kazi ili apanguse vumbi la suruali, na kiwiko chake kikaigusa. Simu ikatikisika. Akaigusa tena upande wa pili, ikatikisika tena, kama meza yenye mguu mmoja mfupi.

Akainama mpaka jicho likawa sawa na meza. Simu ya chuma, ile ya kukanyagwa na lori, ilikuwa imepinda. Katikati yake, penye vitufe vya sauti, ilikuwa imefanya mgongo.

Kwanza alijaribu kuikunja upande wa pili kwa mikono, ikakataa. Halafu macho yake yakaangukia jiliwa, lile koleo kubwa la chuma lililofungwa kwenye pembe ya meza, ambalo baba hulitumia kubania mbao. Mtoto wa nyumba nyingine labda angelia, au angeificha simu chini ya godoro. Mtoto wa seremala alifikiri kiseremala. Mara ngapi alimwona baba akichukua ubao uliopinda, akauweka katikati ya mbao mbili zilizonyooka, akaubana polepole, na kesho yake ubao ukatoka umenyooka kabisa?

Akachagua vipande viwili vya mbao laini. Akaiweka simu katikati yake kwa uangalifu, akaanza kuzungusha mpini wa jiliwa. Robo mzunguko. Akasubiri. Robo nyingine. Ndani ya simu kitu kililia "tik", sauti ndogo kama ya kucha. Akalegeza upesi, akaitoa simu na kuilaza mezani. Haikutikisika. Akawasha kioo, kikawaka, na picha za daftari la Kishungi zikaonekana zote.

Alijisikia fundi. Aliipangusa simu kwa pindo la blauzi, akaipeleka uani.

"Umekawia," mama alisema. "Ulikuwa unalipiga picha daftari au unalichora?"

"Nilimkuta Kishungi anaoga, nikamsubiri."

Uongo ulitoka wepesi kama maji, na mama akaendelea kukamua shuka.

Siku ya pili, Jumapili, mambo yalianza kwenda kombo. Asubuhi mama alisema simu inachemka kama inapika. Saa tano ilizimika yenyewe, mama akaiwasha. Saa saba ikazimika tena, na safari hii mama hakuona, kwa sababu alikuwa jikoni. Chiriku ndiye aliyeikuta imezimika, nusu saa baadaye. Aliiwasha kimyakimya na kuirudisha mahali pake dirishani, kisha akaketi kwenye stuli ya mteja.

"Huyu mtoto leo amemeza nini?" baba aliuliza. "Tangu asubuhi hajanieleza habari za mtu yeyote."

"Jino," mama alisema. "Fungua mdomo nione."

Chiriku alifungua mdomo. Mama hakuona kitu, kwa kuwa kilichokuwa kinamsumbua hakikai huko.

Saa nane mlango wa mbele ulifunguka, akaingia shangazi, mkono mmoja kiunoni na mwingine ukiwa umeshika mwamvuli wa jua. Alikuwa mwanamke mwenye maneno. Watu walisema Chiriku aliyatoa kwake.

"Nyumba hii bado ina watu?" aliuliza. "Nimepiga simu mara tano. Kidole kimechoka kuliko miguu. Nikasema basi, acha niwafuate, huenda mmehama."

"Simu ipo hapa," mama alisema, akimkalisha. "Mbona haikuita? Una nini, maumivu?"

"Yalikuja, yakaondoka. Yamenichezea tangu saa sita."

Mama alimpeleka chumbani kumpima. Walipotoka, uso wa mama ulikuwa umetulia. "Bado kidogo. Hayo ni ya kubisha hodi tu. Lakini lala hapa leo."

"Nilale wapi, juu ya vitanda vya wateja? Vitu vyote vya mtoto viko kwangu. Nitarudi polepole, na maumivu yakikaza nitakupigia. Wewe ipokee tu hiyo simu yako ya kifahari."

"Huo ni mtandao wao mbovu," mama alisema. "Usihofu. Leo nitaiweka kwenye chaji chini ya mto wangu, ikilia tu niisikie."

Chiriku alisikia yote. Alisikia pia jinsi mtandao ulivyobebeshwa kosa lake. Mtandao hauna mdomo wa kujitetea. Angeweza kunyamaza, na kila mara simu ikizimika lingekuwa kosa la mtandao mpaka mwisho wa dunia.

Baba alitoka kumsindikiza dada yake. Ilipofika saa kumi na nusu alikuwa amesharudi na kushika randa, na mama alikuwa anapiga pasi sare yake ya kazini.

"Chiriku," mama aliita, "nichomekee simu, mama. Imebakiza chaji kidogo. Waya uko hapo ukutani."

Chiriku aliichukua simu kwa mkono wa kushoto na waya kwa mkono wa kulia. Simu ilikuwa na joto la yai lililotagwa sasa hivi. Akaigeuza kutafuta tundu la chaji, na mwanga wa dirisha ukampiga machoni kupitia mahali ambapo mwanga haukupaswa kupita. Kioo kilikuwa kimeinuka upande mmoja. Kati yake na chuma palikuwa na mwanya unaotosha kupitisha karatasi, na kitu ndani kilikuwa kinakisukuma kwa nje.

Alisimama pale na waya wake. Aliwaza juu ya mto wa mama. Aliwaza pia juu ya shangazi, ameketi peke yake ng'ambo ya soko, akibonyeza nambari ambayo haitaita. Aliogopa kuchapwa, aliogopa zaidi uso wa mama, na kuliko yote mawili aliogopa kuuingiza ule waya.

Akapiga moyo konde, akaenda kusimama mbele ya meza ya pasi.

"Mama, usiichaji hii simu. Nimeiharibu mimi. Niliikalia uwanjani."

Halafu mdomo wake ukarudi wote kwa pamoja. Alieleza habari ya mpira wa pete, mfuko wa nyuma, magoli tisa, mbao mbili, jiliwa na ile "tik". Alieleza kwamba Kishungi hakuwa anaoga. Mama aliisimamisha pasi wima na hakumkatiza hata mara moja. Baba alitokea mlangoni akiwa na maranda kwenye nywele.

"Jiliwa?" baba aliuliza. "Jiliwa langu?"

"Nilitia mbao laini pande zote mbili, Baba."

Baba aliichukua simu, akalaza rula yake ya chuma ubavuni mwake, akaitazama dhidi ya mwanga. Uso wake ukabadilika. "Mama watoto, izime hii kabisa. Imevimba."

"Na wifi akipiga?" mama alisema, na sauti yake ikakatika katikati. Hapo ndipo Chiriku alipolia, maana hakuwahi kumwona mama akiishiwa na maneno.

Walifunga nyumba, wakaenda wote watatu kwa fundi simu aliyekuwa na kibanda karibu na soko. Baba aliibeba simu kwenye kopo la misumari, ikiwa imezimwa. Fundi huyo alikuwa mwanamke kijana aliyevaa miwani miwili, mmoja wa kuonea watu na mwingine wa kuonea skrubu, na mtaa mzima ulimwita Fundi Miwani.

"Shikamooni," alisema, akaigeuza simu chini ya taa yake. Alipitisha kidole ubavuni. "Hii ilikunjwa, halafu ikanyooshwa. Tena na mtu mwenye mkono mzuri. Nani huyo?"

Baba alikohoa kidogo na kutazama pembeni. Chiriku aliinua mkono kama yuko darasani.

Fundi Miwani hakucheka wala hakumgombeza. Aliupasha ukingo wa simu joto, akakifungua kioo kwa kipande chembamba cha plastiki, akamwonyesha. "Njoo uone. Watu wakisikia chuma wanafikiri reli ya treni. Hiki ni chuma chepesi, cha jamii ya sufuria zako za nyumbani, na ili simu iwe nyembamba wamekifanya chembamba. Tena hapa penye vitufe vya sauti wamekitoboa, kwa hiyo ndipo penye udhaifu. Ukiikalia, inapinda hapo hapo."

"Lakini ilinyooka," Chiriku alisema kwa sauti ndogo.

"Ganda ndilo lililonyooka. Ubao ni ubao mpaka ndani. Simu ina vitu tumboni. Ona hii betri."

Betri ilikuwa imefura kama mkate. Fundi Miwani aliing'oa taratibu, akaiweka ndani ya ndoo ya mchanga iliyokuwa chini ya meza yake. "Betri iliyokunjwa mara mbili, ukiichaji, tena chini ya mto wa mtu, inaweza kushika moto. Sisemi ni lazima ishike. Nasema mimi mwenyewe nisingeilalia."

Mama alimshika Chiriku begani na kumvuta karibu naye.

"Simu yenyewe itapona," fundi aliendelea. "Nitaweka betri nyingine na kukibandika kioo, Jumatano mje. Na mkiipata, itafutieni kava gumu. Mfuko wa nyuma si mahali pa simu, hata iwe nene kama tofali."

"Na leo?" mama aliuliza. "Kuna mtu anayesubiri kunipigia leo."

Fundi alivuta droo, akatoa simu ndogo ya vitufe iliyokuwa imechubuka pembe zote. Aliing'oa laini ya mama kutoka kwenye ile nyembamba, akaipachika kwenye hii, akaiwasha. Ikapiga kinanda chake cha kizamani. Mama aliishika kiganjani, na kabla hawajafika mwisho wa barabara ya soko, ikaita.

"Wifi," sauti ya shangazi ilisikika mpaka kwa Chiriku, na safari hii haikuwa na mzaha. "Yamekaza. Maji yametoka."

"Keti hapo ulipo," mama alisema. "Nipo sokoni. Dakika tano."

Alishika njia ya kwa wifi yake karibu kukimbia, na baba akamfuata akitafuta gari la kukodi. Chiriku alirudi nyumbani peke yake na ufunguo mkononi. Hakuchapwa siku hiyo. Hakuna aliyekuwa na nafasi.

Kesho yake baada ya shule mama alimchukua hadi kituo cha afya, kwenye chumba chenye vitanda sita na mapazia meupe. Shangazi alikuwa amelala kitanda cha dirishani, amechoka, anang'aa, na pembeni yake kulikuwa na mtoto wa kike aliyekunja uso kama mtu aliyeudhiwa na jambo fulani.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Njoo umwone mdogo wako."

"Kabla hajamwona, ana neno la kukuambia," mama alisema, akasimama nyuma ya kiti.

Chiriku alikuwa amelikariri neno hilo njia nzima, na sasa lilikuwa zito. Alilisema hata hivyo, kuanzia ngazi ya saruji mpaka kwenye ndoo ya mchanga. Shangazi alimsikiliza bila kutabasamu.

"Kwa hiyo ndiyo sababu," shangazi alisema. "Mara tano nilipiga jana. Unajua nilikuwa nimekaa wapi? Ukingoni mwa kitanda, nimejishika tumbo. Nikasema moyoni, wifi yangu amenichoka. Nililia kabla sijachukua ule mwamvuli."

Chiriku hakuwa amefikiria jambo hilo. Alikuwa amewaza moto, kuchapwa na gharama ya kioo, lakini hakuwaza kwamba mtu angelia kwa kudhani hapendwi. Machozi yalimshuka yenyewe. "Nisamehe, Shangazi. Si Mama. Nilikuwa mimi."

Mama alizunguka kiti, akachuchumaa mbele yake ili macho yao yawe sawa.

"Sikiliza, mwanangu. Kuikalia simu ni ajali, na ajali haina mwenyewe. Mimi pia nimeshavunja vitu. Lakini ulipoibana kwenye jiliwa ili nisijue, uliiumiza mara ya pili. Na uliponiambia Kishungi anaoga, hapo kosa lilitoka mfukoni mwako likamwendea shangazi yako, ambaye hakukalia simu ya mtu. Kitu kikiharibika mkononi mwako, kilete kikiwa kimeharibika vilevile, siku ileile. Nitakasirika. Nikishakasirika, tutakitengeneza. Lakini nisichokijua siwezi kukitengeneza."

"Ndiyo, Mama."

"Na kwa mwezi mzima hutagusa simu. Daftari la Kishungi utalinakili kwa mkono."

"Ndiyo, Mama."

Shangazi alikuwa amejiinua kwenye mto. Alimchukua mtoto, akamweka mikononi mwa Chiriku, akakirekebisha kiwiko chake ili kichwa kikae vizuri.

"Mara tano hazikupokelewa," alisema. "Lakini jana jioni ulifungua mdomo, na mara ya sita mama yako aliipokea kabla haijaita mara mbili. Huyu ndiye wa mara ya sita. Mshike vizuri."